Molekuli yako imegoma kung'aa? Uliza kwanza haidrojeni imeshikwa na nani

Hii naiandika kwa yeyote anayehangaika na molekuli za kaboni zinazotoa mwanga, zile za OLED (taa na skrini za molekuli za kaboni), za sensa, za rangi za kung'aa, afu siku moja unawasha tochi ya UV unakuta giza, au mwanga upo lakini si rangi uliyoitegemea. Wengi tukifika hapo tunakimbilia kusema sintesisi imeharibika, tunarudi kupika upya na wiki mbili zinakwenda. Mimi nakuomba kabla hujarudia kupika chochote jiulize swali moja: ile haidrojeni iliyoko kwenye OH (juu ya oksijeni) au NH (juu ya nitrojeni) ya molekuli yako, sa hivi imeshikwa na nani? Inaweza kuwa imeshikwa na molekuli yenyewe kwa ndani, imeshikwa na molekuli jirani, au imeshikwa na kiyeyushi pamoja na maji yaliyojificha humo. Kuna na jibu la nne ambalo ni adimu kidogo, kwamba haidrojeni imeshaondoka kabisa. Karibu kila dalili ninayoieleza hapa chini inaangukia kwenye mojawapo ya hayo.

Kidogo kuhusu nguvu zenyewe, maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini mambo yanageuka geuka. Molekuli hizi zina bondi pacha na bondi moja zinazopishana, pacha-moja-pacha-moja (ndo zinaitwa za konjugeti), kwa hiyo elektroni zinatambaa kwenye mnyororo mzima badala ya kukaa katikati ya atomu mbili, ndo maana zinafyonza UV au bluu na kuurudisha mwanga kwa rangi nyingine. Kuvunja bondi ya kaboni na kaboni kunataka kama kilojuli 350 kwa moli. Bondi ya haidrojeni ya kawaida, yaani huko kushikwa kwa haidrojeni ninakokusema, ni kilojuli 10 hadi 40 hivi. Ni dhaifu, na udhaifu huo ndo tunaoutaka, unaweza kuifungua na kuifunga kwa joto, kwa tone la kiyeyushi, kwa asidi, bila kuidhuru molekuli. Ila kitu kinachofunguka kirahisi hufunguka pia siku ambayo hukukihitaji kifunguke.

Kwanza hakikisha shida si tochi

Tochi nyingi za bei rahisi, hizi za kukagulia noti, zinatoa mwanga wa nanomita 395, ule wa zambarau unaouona kabisa kwa macho. Molekuli inayofyonza kwenye 340 haiambulii kitu hapo, na wewe unachokiona ni zambarau ya tochi inayorudi kutoka kwenye kioo. Tafuta ya 365, na kama molekuli yako inafyonza chini zaidi ya hapo basi tochi weka pembeni nenda kwenye mashine ya kupima mwanga.

Pili, usijaze sana. Mchanganyiko ukiwa mzito, mwanga unaotoka unamezwa tena na molekuli zilizo njiani kabla haujafika kwenye kipokezi, na mwanga wa tochi wenyewe unaishia mwanzoni, unakuta chupa inang'aa ukutani tu, upande ule tochi inapoingilia, katikati giza. Punguza mpaka ufyonzaji uwe chini ya 0.1 kwenye kuveti (kikopo cha kioo cha kupimia) ya sentimita moja ndo uamini namba yako.

Tatu, pima kitu unachokijua. Mimi natumia kwinini, hii hii tuliyomezeshwa wakati wa malaria. Kwinini salfeti ndani ya asidi ya salfa iliyozimuliwa inarudisha kama fotoni 54 kati ya kila 100 ilizofyonza, ni kipimo kinachotumika dunia nzima. Lakini usiiyeyushe kwenye asidi ya haidrokloriki, kloridi inazima mwanga wa kwinini, tia hata chumvi ya mezani utaona unavyofifia. Kama kwinini yako haisomi vizuri, shida iko kwenye mashine au mikononi, na hapo molekuli yako haina kosa.

Dalili: kwenye kiyeyushi inawaka vizuri, ukikausha unga umezima

Hii ndo inayoleta kilio zaidi, kwa hiyo nikae nayo. Umeyeyusha, inawaka kijani safi, umemimina juu ya kioo, kiyeyushi kimekauka, umemulika, giza. Au kuna kamwanga hafifu chekundu-chekundu kasikoeleweka.

Kinachotokea mara nyingi ni hivi. Molekuli zikiwa mbalimbali ndani ya kiyeyushi kila moja inawaka kivyake. Kiyeyushi kikiondoka NH ya huyu inakamata C=O (kaboni yenye oksijeni) ya yule, wanavutana, na kwa kuwa molekuli zenyewe ni bapa zinalaliana uso kwa uso, umbali wa kama angstromu 3.4 hadi 3.6 tu. Swali la kujiuliza hapo ni zimelaliana vipi. Zikikaa moja juu ya nyingine sawasawa kama chapati kwenye sahani, nguvu ya mwanga inagawanyika kwenye ngazi mbili za nishati, ile ya juu ndo inafyonza na ile ya chini, ambayo ndiyo ingetakiwa kutoa mwanga, inakuwa imefungwa. Nishati inashuka huko chini inapotelea kwenye joto. Lakini zikiserereka, kila moja ikitangulia mbele ya mwenzake kama makuti juu ya paa, mambo yanageuka: ngazi ya chini ndo inafunguka, kilele cha ufyonzaji kinahamia upande wa wekundu, kinakuwa chembamba, na mwanga unaweza kutoka kwa nguvu. Mpaka wa hizo hali mbili ni pembe ya nyuzi 54.7 kati ya mshale wa molekuli (uelekeo ambao elektroni zake zinayumba zikifyonza mwanga) na mstari unaounganisha vitovu vyao. Michael Kasha ndiye aliyeiweka sawa nadharia hii, na aina ya makuti inaitwa J kwa sababu ya Edwin Jelley, ambaye pamoja na Günter Scheibe wa Ujerumani waliiona kwenye rangi za siyanini miaka ya 1930, kila mtu kivyake.

Kwa hiyo usiseme tu "zimerundikana". Kurundikana kwenyewe hakuna ubaya, ubaya ni mpangilio, na bondi ya haidrojeni ndiyo kamba inayoamua mpangilio.

Utajuaje ni hii? Pima ufyonzaji wa utando mkavu ulinganishe na wa kiyeyushi. Kilele kikihamia kwenye bluu huku mwanga umekufa, ni chapati. Kwenye IR (kipimo cha mwanga wa infraredi) angalia mstari wa NH: ikiwa huru unakaa karibu na 3400 cm⁻¹, ikiwa imeshikwa unashuka kuelekea 3200 na unapanuka. Afu fanya jaribio la tone, ambalo nalipenda kuliko yote: chukua mchanganyiko wako uliorundikana kwenye toluini au heksani, tia asilimia chache za kiyeyushi kiitwacho DMSO. DMSO inapenda sana kushika haidrojeni, itamnyang'anya jirani. Mwanga ukirudi, umempata mwizi. Lakini usitie DMSO peke yake ukatoa hukumu, kwa sababu DMSO pia ina upolari mkubwa na upolari wenyewe unahamisha rangi. Andaa kuveti ya pili utie asetonitraili, ambayo nayo ni polari lakini haishiki haidrojeni kwa nguvu kama ile. Zikifanya sawa, ni upolari. DMSO ikifanya na asetonitraili isifanye, ni bondi.

Tiba zipo na zina historia nzuri. Chukua kwinakridoni, rangi nyekundu-zambarau ya kwenye magari na wino. Ikiyeyushwa ni ya manjano-machungwa na inang'aa vizuri, ikiwa ngumu inakuwa nyekundu au zambarau na mng'ao unapotea, tofauti yote hiyo inatokana na NH kushikana na C=O ya jirani na kulaliana. Watu wa OLED walipoitaka kwa ajili ya mwanga wa kijani walifanya vitu viwili: waliinyunyiza kidogo sana ndani ya molekuli nyingine, Alq3, ili zisikutane, na wakabadilisha haidrojeni za kwenye nitrojeni wakaweka methili. Haidrojeni ya kushika haipo tena, kamba imekatika. Toleo hilo la methili lilionyesha pia kudumu muda mrefu zaidi kwenye OLED, kazi iliyotoka maabara za Kodak mwaka 1997.

Au DPP, rangi nyekundu kali inayojulikana kwa magari ya Ferrari. Kiini chake alikipata Donald Farnum mwaka 1974 alipokuwa akitafuta kitu kingine kabisa, Ciba-Geigy wakaikuza kuwa rangi ya viwandani. Ni ngumu kuyeyuka kwa sababu hiyo hiyo, NH na C=O zimeshikana kila upande. Mwaka 1997 wakaonyesha njia ninayoiona nzuri mno: unafunika NH kwa kikundi cha t-BOC, molekuli inayeyuka kirahisi, inang'aa, unaipaka unavyotaka, afu unachoma kwenye nyuzi 180 hivi, t-BOC inatoka kama gesi, NH zinarudi uchi, zinashikana, rangi inageuka nyekundu na haiyeyuki tena. Kwa hiyo kama unga wako umezima hata baada ya kuufunika, jiulize ulikaushia kwenye joto gani, huenda kifuniko kimeng'oka ndani ya oveni bila wewe kujua.

Kama huna muda wa kubadilisha molekuli, changanya asilimia moja yake ndani ya plastiki ya polistairini. Ikiwaka humo, molekuli yako ni nzima, shida ni ujirani.

Dalili: kinyume chake, kwenye kiyeyushi giza, ukikausha inawaka

Usidhani umepata uchafu unaong'aa. Zipo molekuli ambazo zikiwa huru zinazungusha mikono yake mpaka nishati yote inaishia kwenye mzunguko, ukizibana zinakosa pa kuzungukia basi zinatoa mwanga. Ben Zhong Tang na wenzake Hong Kong waliitangaza hali hii mwaka 2001 kwa molekuli za siloli. Hapa bondi ya haidrojeni ni rafiki, inakuwa pini inayoshika mkono usizunguke.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa baharini. Osamu Shimomura alipata protini ya kijani kutoka kwa yavuyavu aitwaye Aequorea victoria, akaichapisha 1962, na mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien wakapewa Nobel. Ndani ya protini ile kuna kamolekuli kadogo ka konjugeti kamefungiwa kwenye kapipa, kameshikwa na bondi za haidrojeni pande zote, na kanawaka kwenye nanomita 509. Ukikatoa nje ukakayeyusha peke yake kanazima. Ukikagandisha kwenye nitrojeni iliyo kimiminika, mwanga unarudi. Na kuna jambo jingine la kupendeza: ukikapiga na nanomita 395, haidrojeni ya OH yake inakimbia kupitia molekuli ya maji na serini mpaka kwenye glutameti (amino asidi za protini hiyo), kama ndoo inayopokezwa mkono kwa mkono, ndipo inatoa ile kijani. Kwa hiyo ukichemsha protini hiyo ikazima, jua umefungua pini.

Kipimo chake ni rahisi: ongeza mnato. Yeyusha kwenye gliseroli badala ya methanoli. Ikiwaka zaidi kadiri unavyoongeza gliseroli, ni mzunguko. Tiba yake ni kuweka OH na N karibu karibu ndani ya molekuli ili zishikane zenyewe, au kuweka amaidi (kikundi chenye NH na C=O) pembeni ili jirani amshike.

Dalili: rangi si yake, au rangi zinatoka mbili

Ulitegemea bluu umepata kijani. Au kwenye spektra kuna vilima viwili, kimoja 370 na kingine karibu 515, unafikiri una mchanganyiko wa vitu viwili, unarudia kusafisha kwenye kolamu mara tatu na vilima bado vipo. Acha kusafisha.

Hii ni haidrojeni iliyoshikwa kwa ndani. Molekuli ya mfano ni HBT, yenye OH upande mmoja na nitrojeni upande wa pili zikitazamana. Ikifyonza mwanga, OH inakuwa asidi kali ghafla na nitrojeni inakuwa na njaa, haidrojeni inaruka kutoka kwa oksijeni kwenda kwa nitrojeni kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kinachotoa mwanga sasa si molekuli uliyoiweka kwenye kuveti, ni ndugu yake aliyehamisha haidrojeni, na mwanga wake uko mbali kabisa na ufyonzaji. Unafyonza 335, unatoa 515. Baadaye haidrojeni inarudi nyumbani na mzunguko unaanza upya. Albert Weller wa Ujerumani aliielezea miaka ya 1950 akiitazama methili salisileti, ile yenye harufu ya dawa za kuchua misuli.

Vilima viwili vinatokea wapi basi? Kwenye kiyeyushi. Ndani ya sikloheksani OH haina mtu mwingine wa kushika, zote zinaruka, unaona kijani tu. Ndani ya ethanoli au DMSO sehemu ya molekuli zinaacha kujishika zinashika kiyeyushi, hizo haziwezi kuruka, zinatoa ile bluu ya kawaida. Kwa hiyo uwiano wa bluu na kijani unakwambia ni wangapi wameibiwa na kiyeyushi, na watu wanatumia hilo kupima maji ndani ya vimiminika.

Kuthibitisha, tengeneza kidogo yenye OCH3 badala ya OH. Ikitoa bluu peke yake, umemaliza. Na kama ulitaka kijani tupu, badilisha kiyeyushi au iweke ndani ya plastiki kavu. Kama umeshaona rangi mbili, usizichukie, kundi la Soo Young Park kule Seoul mwaka 2009 lilitengeneza molekuli moja yenye vitovu viwili vya namna hii, kimoja cha bluu kimoja cha machungwa, vikashindwa kupeana nishati, na molekuli hiyo moja ikatoa mwanga mweupe.

Ukitaka kumwonyesha mtu bila maabara, chukua bizari ya manjano. Kijiko kidogo ndani ya spiriti, tikisa, acha itulie, mulika kile kimiminika cha juu: kinatoa kijani-manjano. Ndani kuna kurkumini, molekuli ya konjugeti yenye haidrojeni iliyokaa katikati ya oksijeni mbili, na kuruka kwa haidrojeni hiyo ni moja ya njia inazopotezea nishati. Mimina maji kidogo kidogo na mwanga unafifia. Weka magadi, inageuka nyekundu-kahawia: hilo ndo jibu la nne, alkali imeing'oa haidrojeni kabisa. Kwa hiyo rangi ikigeuka ghafla kiasi hicho kwenye kazi yako, angalia kama kuna amini au besi iliyobaki kutoka kwenye sintesisi, au chumvi ya floridi uliyotumia, maana ayoni ya floridi nayo inaipora NH haidrojeni yake bila huruma.

Dalili: jana ilifanya kazi, leo haifanyi, na hujabadilisha chochote

Hujabadilisha unachokijua. Hapa nina la kusimulia.

Nilikuwa na molekuli yenye amaidi mbili, ndani ya klorofomu na heksani ilikuwa inajipanga kwenye nyuzi, mwanga unageuka kutoka bluu kwenda kijani-manjano, kila siku vile vile. Chupa ikaisha, nikafungua nyingine, na kuanzia hapo ikabaki bluu. Nilipika molekuli upya mara mbili. NMR (kipimo cha muundo wa molekuli) safi, uzito sahihi, na bado bluu. Nimekaa pale na kuveti mkononi, dada anayesimamia stoo ya kemikali akapita.

"Umesoma lebo?"

"Lebo ipi dada, ni klorofomu ile ile."

"Si ile ile. Ile ya kwanza ilikuwa na amilini. Hii ina ethanoli. Soma hapo chini, maandishi madogo."

Klorofomu haiuzwi tupu, inawekwa kitu cha kuizuia isioze na kutoa fosijeni, gesi ya sumu, na mara nyingi kitu hicho ni ethanoli asilimia 0.5 hadi 1. Piga hesabu: asilimia 1 ni mililita 10 kwa lita, karibu gramu 7.9, yaani moli 0.17 kwa lita. Molekuli yangu ilikuwa mikromola 10. Kwa kila molekuli yangu moja kulikuwa na ethanoli mpaka 17,000 zimesimama, kila moja ina OH, kila moja inataka kushika amaidi zangu. Nyuzi zingejengekaje? Nilipopata klorofomu yenye amilini, ambayo haina OH, siku hiyo hiyo kijani-manjano ikarudi. Namshukuru yule dada mpaka leo, na tangu siku hiyo kwenye daftari langu siandiki "klorofomu" peke yake.

Ukikosa yenye amilini unaweza kuipitisha kwenye alumina kavu, ethanoli inabaki humo, lakini itumie siku hiyo hiyo na usiihifadhi, kinga yake umeshaitoa. THF, kiyeyushi kingine, nayo ina kinga yake, BHT, ambayo ni fenoli yenye OH. Na klorofomu ya zamani iliyokaa juani ina asidi ya haidrokloriki ndani, nitrojeni za molekuli yako zitaikamata na rangi itahama.

Afu kuna maji. Watu wanadhani heksani na wenzake hawana maji kwa sababu havichanganyiki. Yapo, sehemu chache kwa milioni, na yanatosha. Kundi la Bert Meijer kule Eindhoven, Uholanzi, lilionyesha mwaka 2018 kwamba maji hayo machache yaliyoyeyuka ndani ya mafuta yanaingia kwenye minyororo iliyoshikwa na bondi za haidrojeni na kubadilisha umbo lake, kiasi kwamba hali ya unyevu ya siku husika inaonekana kwenye kipimo. Sasa fikiria sisi wa pwani, Dar au Mombasa wakati wa masika, chupa inafunguliwa mara kumi kwa siku. Weka punje za kufyonza maji zilizochomwa vizuri, ziache usiku kucha, funga kwa parafilmu, na andika tarehe ya kufungua. Kama mna kipimo cha maji cha Karl Fischer kitumie kwa kila chupa mpya, kama hamna, weka kuveti ya mfano wenye maji kusudi ujue sura yake.

Na joto la chumba. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi ni nyuzi 23, umeme ukikatika ni 32. Kama molekuli zako zinashikana kwa bondi mbili tatu zenye jumla ya kilojuli 80 kwa moli, hizo nyuzi 9 peke yake zinapunguza nguvu ya kushikana kama mara 2.6. Pima ukiwa na kishikio cha kuveti chenye joto lililodhibitiwa, au andika joto kila mara unapopima.

Dalili: jeli inatoka tofauti kila ukiipoza

Hapa tatizo ni njia uliyopita, si mahali ulipofika. Molekuli za OPV, fenilini na vinilini zikipishana, ndizo zilizofundisha wengi. Ayyappanpillai Ajayaghosh na Subi George kule Kerala, India, walionyesha mwaka 2001 kwamba ukiziweka OH mbili vichwani na mikia mirefu pembeni zinashikana na kugandisha kiyeyushi kizima kuwa jeli, na mwanga unahamia upande wa wekundu. Mwaka 2012 kundi la Eindhoven likaonyesha kwamba OPV zinazoshikana kwa bondi nne za haidrojeni zinaanza haraka kujenga parafujo ya upande mmoja, afu polepole zinabomoa na kujenga ya upande wa pili iliyo imara zaidi. Kwa hiyo ukipoza ghafla kwenye barafu umekamata ile ya haraka, ukipoza polepole umepata ile imara, na ukipima baada ya dakika tano mwenzako akapima baada ya masaa mawili mtabishana bure.

Pasha mpaka kila kitu kiyeyuke, thibitisha kwa spektra kwamba kweli ziko mojamoja, afu shusha nyuzi moja kwa dakika. Usitikise. Na usiache kamolekuli ka jeli ya jana kwenye kuveti, kanakuwa mbegu.

Dalili nyingine ndogo ndogo

Inawaka kwenye sahani ya TLC (ya silika, ya kutenganishia kemikali) lakini si kwenye unga: silika imejaa OH, inashika molekuli mojamoja na kuzitenganisha, hiyo ni dalili njema kwamba ukizitenganisha kwa plastiki zitawaka. Angalia tu usichanganye na sahani zenye kiashiria cha 254, hizo zenyewe zinang'aa kijani na doa lako linaonekana jeusi.

Inawaka afu inafifia ukiendelea kumulika: hapo bondi ya haidrojeni haihusiki sana, ni oksijeni. Pitisha nitrojeni dakika 15 urudie.

OLED inawaka lakini mwanga wa pembeni ni mwingi kuliko wa mbele: molekuli zimesimama wakati ulitaka zilale. Kundi la Junji Kido kule Yamagata, Japani, limefanya kazi nzuri kwa kuhamisha tu nitrojeni za piridini pembezoni mwa molekuli, bondi dhaifu za CH na N zinazishika zilale bapa, na hata elektroni zinapita vizuri zaidi.

Kama umebaki na miligramu moja

Usiogope, ni nyingi. Molekuli ya uzito 400, miligramu moja ni mikromoli 2.5, ukifanya mikromola 10 unapata mililita 250, hiyo ni kama kuveti 80 za mililita tatu. Yeyusha kidogo tu kwenye kiyeyushi kikavu kisichoshika haidrojeni, toluini ikikubali, iwe akiba yako. Kuveti ya kwanza pima hivyo hivyo. Ya pili ipashe moto upime ikiwa ya moto, afu ikipoa. Ya tatu DMSO, ya nne asetonitraili, ya tano gliseroli kwenye ethanoli. Ya sita tone la methanoli, ya saba tone la methanoli ambayo haidrojeni zake zimebadilishwa deuteri (haidrojeni nzito), ikiwaka zaidi ya ya sita basi haidrojeni ya OH ndo ilikuwa inakula mwanga. Ya nane asidi kidogo, ya tisa besi kidogo, hizi mbili za mwisho kuveti yake ioshe mara tatu kabla ya kuirudisha kwenye sanduku.